Kansa ya matiti: mama akisha kufika hospitali, nani anahesabu siku?

Kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia huonekana wamama waliovaa nguo za rangi ya waridi. Hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na ujumbe ni uleule: «Wamama, mujichunguze matiti, mufike hospitali mapema.» Wasemaji wengine huongeza methali inayojulikana kote: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua.

Ujumbe huo ni wa kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ingine haisemwi mbele ya mikrofoni. Kuna wamama wengi ambao hawakuficha kitu. Waliona donge, wakasema, wakaenda kituo cha afya, wakaonyesha. Kisha wakazungushwa mwezi baada ya mwezi, mpaka ugonjwa ukawapita mbio. Kwa wamama hao methali inapaswa kugeuzwa: ugonjwa haukufichwa, ulionyeshwa, na walioonyeshwa ndio hawakuona.

Achukuliwe mfano wa mama muuza sambaza sokoni, mwenye miaka 42 na watoto watano. Siku moja akiwa anaoga, mkono wake unagusa donge dogo gumu katika titi la kushoto, sawa na punje ya mahindi. Haliumi. Anangoja wiki chache, kisha anaenda kituo cha afya cha mtaa wake. Muuguzi anauliza: «Linauma?» Anajibu: «Hapana.» Anapewa antibiotiki na dawa ya kutuliza maumivu, anaambiwa arudi kama halitapona. Anarudi. Anapewa dawa ingine. Safari ya tatu anaandikiwa karatasi ya ekografi, lakini pesa ya ekografi haiko, kwa sababu mtaji wa sambaza ndio huo huo wa karo ya shule. Akisha kupata pesa, ekografi inasema kipande kitolewe kwa sindano ili kipimwe. Kipande kinatumwa katika muji mwingine. Jibu linapofika, donge la punje ya mahindi limejaa kiganja, na lingine limetokea kwapani.

Huyu ni mama wa mfano tu, hana jina. Lakini wauguzi wa Kivu na Ituri watamtambua, na familia nyingi pia.

Nusu ya uchelewaji iko upande wa pili wa mlango

Kuna utafiti uliofanywa ng'ambo ya mpaka, ambao viongozi wa afya wa mashariki ya Kongo wangepaswa kuusoma. Ulitolewa mwaka 2015, na ulifuatilia wanawake 144 wenye kansa ya matiti katika hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda: Butaro, upande wa kaskazini, na Rwinkwavu, upande wa mashariki. Nusu ya wanawake hao walipitisha miezi 5 au zaidi tangu walipoona dalili ya kwanza hadi walipoenda kutafuta matibabu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hotuba za mwezi wa kumi huisema. Lakini tangu siku hiyo ya kufika hadi siku ya kuambiwa kwa uhakika «ni kansa», nusu yao walipitisha tena miezi 5 au zaidi.

Miezi mitano nyumbani, miezi mitano ndani ya mikono ya waganga. Nyumbani, mojawapo ya mambo yaliyochelewesha ilikuwa kuanzia kwa mganga wa kienyeji. Upande wa hospitali, kuchelewa kulionekana zaidi kwa wale waliopita katika vituo vya afya mara tano au zaidi kabla ya kupata jibu. Na waliochelewa miezi 6 au zaidi ndio waliokuwa na hatari kubwa ya kukutwa ugonjwa umekwisha kuenea.

Rwanda, hata hivyo, ilikuwa tayari na kituo cha kansa cha Butaro tangu mwaka 2012. Upande huu wa mpaka, wenye vita, barabara mbovu na wauguzi wengi wasiolipwa mshahara, hakuna sababu ya kufikiri kwamba safari ya mama ni fupi zaidi.

Hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, zinaonyesha matokeo ya jambo hilo. Mwaka 2022 wanawake milioni 2,3 waligunduliwa kuwa na kansa ya matiti ulimwenguni, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi zilizoendelea sana, mwanamke 1 kati ya 12 atagunduliwa na kansa hiyo maishani, na 1 kati ya 71 ataaga nayo. Katika nchi za chini kabisa kimaendeleo, anayegunduliwa ni 1 kati ya 27 tu, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Maana yake ni wazi: huku ugonjwa unapata wachache zaidi, lakini kati ya wale unaowapata, unaua wengi zaidi. Tofauti hiyo haitoki katika damu ya Mwafrika. Inatoka katika siku zinazopotea na matibabu yasiyokamilika.

Mambo ambayo kila nyumba inapaswa kujua

Kusema kwamba hospitali zinachelewesha hakumuondolei mama na familia yake kazi yao. Mlango wa kwanza bado uko nyumbani, na hapo kuna maneno mengi ya uongo yanayopaswa kuondolewa.

La kwanza ni maumivu. Watu wengi hufikiri kwamba kisichouma si ugonjwa. Kwa kansa ya matiti ni kinyume: mwanzoni mara nyingi donge haliumi kabisa. Kungoja maumivu ni kungoja ugonjwa ukomae. Dalili zingine ni titi moja kubadilika umbo, ngozi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo, damu au majimaji kutoka kwenye chuchu ya mtu asiyenyonyesha, kidonda cha chuchu kisichopona, na donge kwapani.

La pili ni woga. Vivimbe vingi vya matiti si kansa. Kwa hiyo anayeenda kupimwa haendi kuchukua hukumu ya kifo. Mara nyingi atarudi nyumbani na usingizi. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuangalia na macho tu. Mama anayenyonyesha anaweza kupata uvimbe wa maziwa yaliyoganda, na antibiotiki inaweza kumsaidia. Ikiwa dawa imekwisha na donge bado liko, haifai kurudia dawa ileile: inafaa ekografi.

La tatu ni kisu na sindano. Katika mitaa mingi husemwa kwamba kansa haipendi kuguswa, kwamba ukiikata inakasirika na kuenea mwili wote. Maneno hayo yametokana na macho ya watu: walimuona jirani akipasuliwa, na baada ya miezi michache wakamzika. Lakini jirani huyo alipasuliwa wakati ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika katika mifupa, mapafu au ini. Hakuuawa na kisu, aliuawa na kuchelewa. Bila kipande kidogo cha donge kupimwa, hakuna daktari anayeweza kujua ni ugonjwa gani wala kuchagua dawa.

La nne ni karuho na uchawi. Familia inapokaa wiki nyingi ikitafuta ni nani aliyemtupia mama sumu, ni shangazi gani au ni mke mwenzake, donge halingoji kesi iishe. Vilevile kuweka pesa au simu ndani ya sutiyeni, kama wachuuzi wengi wanavyofanya, hakuna uthibitisho kwamba kunaleta kansa. OMS inasema karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana isipokuwa kuwa mwanamke na kupita miaka 40. Katika Afrika wengi huugua hata kabla ya miaka 50, wakati wangali wanalea. Wanaume pia wanaweza kuipata, ingawa ni wachache sana: kati ya nusu na 1 kwa kila wagonjwa 100.

Basi je, kuna kinga? Iko, lakini si ngao kamili. Kunyonyesha kunapunguza hatari, na kila miezi 12 ya kunyonyesha inaongeza faida. Kupunguza pombe, kuacha tumbaku, kutembea na kufanya kazi za mwili, na kutonenepa kupita kiasi hasa baada ya kukoma kwa hedhi, yote yanasaidia. Katika familia ambamo mama, dada au shangazi aliugua akiwa kijana, mabinti wanapaswa kumuambia daktari mapema. Hata hivyo, mama aliyenyonyesha watoto saba na asiyegusa pombe anaweza kuugua. Ndiyo maana asilaumiwe, na ndiyo maana kugundua mapema kuna uzito kuliko mahubiri juu ya mwenendo.

Mikono iliyofundishwa kabla ya mashine

Kila mara jambo hili linapozungumzwa, wanasiasa huahidi mashine ya mamografi. Ni mashine nzuri, hasa kwa wanawake wenye miaka 50 hadi 69 katika nchi zenye uwezo wa kuwaita wote kila miaka miwili. Lakini matiti ya wanawake vijana huwa mazito, na picha ya mamografi haionyeshi vizuri ndani yake. Mashine isiyokuwa na umeme, fundi na daktari wa kusoma picha ni meza ya chuma tu. OMS yenyewe haishauri nchi zenye uwezo mdogo zianzie hapo. Inashauri zianze kwa kumtambua haraka yule ambaye tayari ana dalili.

Kwa kazi hiyo, chombo cha kwanza ni mikono ya muuguzi aliyefundishwa. Katika muji wa Mumbai, India, utafiti ulioanza mwaka 1998 ulifuatilia wanawake 151,538 kwa miaka 20. Nusu yao walikuwa wakichunguzwa matiti kwa mikono kila miaka miwili na wahudumu wanawake waliofundishwa, si madaktari. Kansa zao ziligunduliwa zikiwa bado ndogo kuliko za wengine, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu 30 kwa 100. Kwa wale wa chini ya miaka 50, vifo havikuonekana kupungua. Basi mikono peke yake haitoshi, lazima ifuatwe na matibabu. Karibu zaidi, katika wilaya ya Burera ambako hospitali ya Butaro iko, wauguzi wa vituo vya afya walifundishwa kutambua donge lenye mashaka na kulituma bila kukawia. Wagonjwa waliofika kuchunguzwa waliongezeka, na kansa za mwanzo zikagunduliwa zaidi.

Jambo hilo linawezekana Walungu, Rutshuru, Fizi au Mahagi. Wamama tayari wanakuja katika vituo vya afya: siku ya uchunguzi wa mimba, siku ya kupima watoto kilo, siku ya chanjo. Tangu mwaka 2023 serikali ilipozindua uzazi bila malipo, ikianzia Kinshasa, mlango wa uzazi ndio unaotajwa kuwa mlango wa afya kwa wote. Basi katika mlango huohuo, dakika tano zitumike kuchunguza matiti ya mama, na ya bibi anayemsindikiza, kwa sababu bibi huyo ndiye mwenye miaka ya hatari zaidi.

Siku 60

Mwaka 2021 OMS ilianzisha mpango wake wa ulimwengu juu ya kansa ya matiti, wenye shabaha tatu rahisi kukumbuka: angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wagunduliwe ugonjwa ukiwa bado mwanzoni, jibu kamili litolewe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na angalau 80 kati ya 100 wamalize matibabu yao.

Hiyo ya pili, siku 60, ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye ukuta wa kila hospitali kuu. Haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari lenye safu tano: tarehe mama aliposema ana donge, tarehe ya ekografi, tarehe kipande kilipotolewa, tarehe jibu lilipofika, tarehe matibabu yalipoanza. Daktari mkuu wa eneo la afya akilifungua daftari hilo kila mwezi, ataona mara moja siku zinapotelea wapi. Leo hakuna anayeulizwa, kwa sababu hakuna anayehesabu.

Daftari hilo litaonyesha pia mambo mawili ya haraka. Kwanza, kipande ndicho kinachopaswa kusafiri, si mgonjwa. Chupa ndogo yenye formalini inaweza kupanda boti ya ziwa Kivu kati ya Bukavu na Goma kwa bei ndogo kuliko ya abiria, kama kuna mtu aliyepewa kazi ya kuituma siku ileile na mwingine wa kuipokea. Pili, bei isemwe yote siku ya kwanza. Mama anayeambiwa leo pesa ya ekografi, kesho ya sindano, kesho kutwa ya maabara, hukimbia katikati ya njia. Akijua jumla, familia, kanisa, likelemba na mituweli ya afya wanaweza kukaa na kupanga.

Kuna watakaosema: ya nini kutafuta ugonjwa ambao hauna matibabu huku? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba matibabu yako, ingawa hayatoshi. Upasuaji hufanywa katika hospitali kubwa za Goma na Bukavu. Donge likiwa dogo, upasuaji ndio silaha kubwa, na wakati mwingine titi lenyewe linabaki. Tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi, iko katika orodha ya dawa za lazima za OMS, na kwa wagonjwa ambao kansa yao inalishwa na homoni, inapunguza sana hatari ya ugonjwa kurudi. Kipimo cha homoni ndicho kinachoonyesha nani anaifaa, ndiyo maana maabara ina thamani. Kemoterapi ni ngumu na ya bei, lakini wenye kuimaliza wanapata nafasi.

Pengo kubwa ni radioterapi, ambayo mgonjwa wa Kivu huitafuta mbali. Kigali ilianza kuitoa mwaka 2019 katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, na Kampala ina chuo chake cha kansa tangu mwaka 1967. Lakini mpaka unataka karatasi, na karatasi inataka pesa. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, uwanja wa ndege na benki za muji zilifungwa, na safari ya mgonjwa ikawa ndefu zaidi. Hata Kampala inajua ubaya wa kutegemea mashine moja: mwaka 2016 mashine yake pekee ya radioterapi iliharibika, na wagonjwa wakangoja karibu miaka miwili kabla ya nyingine kuanza kazi. Kutegemea majirani si mpango wa afya. Mashariki ya Kongo ina haki ya kituo chake, na wabunge wa majimbo haya wana haki na kazi ya kukidai katika bajeti.

Watakaosema tena kwamba wakati huu ni wa kipindupindu, mpox na majeruhi wa risasi, si wa kansa, waangalie watoto. Utafiti wa ABC-DO, uliofuatilia wagonjwa katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, ulihesabu kwamba kwa kila wanawake 100 wa chini ya miaka 50 waliokufa kwa kansa ya matiti, watoto 210 au zaidi walibaki bila mama. Katika eneo ambalo vita vimekwisha kujaza nyumba na yatima, ni nani anayeweza kusema kwamba hao si wa haraka?

Wachungaji na waongozaji wa vyumba vya maombi nao wana nafasi. Mama mgonjwa husema kwao kabla ya kusema kwa muuguzi. Anayemuombea na kumsindikiza hospitali siku ileile amefanya kazi yake. Anayemwambia aache dawa ili kuonyesha imani amemuongezea miezi ambayo hana. Na mume anayemuogopa au kumfukuza mke aliyekatwa titi akumbuke kwamba kansa haiambukizi, na kwamba mke huyo ndiye yule aliyewanyonyesha watoto wake.

Mwezi wa kumi utarudi, na nguo za waridi zitavaliwa tena. Si vibaya. Lakini safari hii, mwandishi wa habari atakayeshika mikrofoni asiwaulize wamama peke yao kwa nini wanachelewa. Amuulize pia mkurugenzi wa hospitali: mama wa mwisho aliyekuja kwenu na donge, alikuja tarehe gani, na jibu alipewa tarehe gani? Kama mkurugenzi hana tarehe hizo mbili, hapo ndipo kazi inapaswa kuanzia.